Ngitili ni Akiba Yetu

Kikundi kinapotimiza miaka kumi tumeona tusiandike habari za hisa na mikopo peke yake. Tuandike pia habari za ardhi tunayoikalia, maana bila ardhi hizo hisa zingetoka wapi?

Wazee wetu wa Usukumani walikuwa na ngitili. Familia au kijiji kilitenga eneo la malisho, kikalifunga mvua zinapoanza, kikalifungua kiangazi, majani yakiisha kwingine. Ndama na ng'ombe wa kulimia ndio walioanza. Humo mlikuwa na kuni, dawa na matunda pori. Kumbe kuweka akiba hatukuanza na daftari!

Baadaye mambo yaliharibika. Kati ya miaka ya 1920 na 1940 serikali ya kikoloni ilifyeka misitu mingi ya Shinyanga ili kuondoa mbung'o. Mashamba ya pamba yaliongezeka, mifugo ikaongezeka, na watu pia. Wakati wa kuhamia vijijini, katikati ya miaka ya 1970, familia nyingi ziliacha ngitili zao mbali, zikabaki hazina mwenyewe. Nchi ikawa kipara, na akina mama ndio waliolipa. Kutafuta kuni ikawa safari ya kutwa. Wengine walipikia mabua ya pamba na samadi kavu.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Pamoja na kugawa miche, mradi ulihimiza watu wazirudie ngitili. Dagashida, baraza letu la jadi, lilitoza faini, na sungusungu wakalinda. Mwanzoni ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Mradi ulimalizika mwaka 2004, lakini ngitili si za mradi, ni zetu.

Sasa tuseme ukweli, maana kijitabu cha kujisifu tu hakifundishi. Mikopo yetu mingi ya mwanzo ilikwenda kwenye mkaa na matanuri ya matofali. Marejesho yalikuja kwa wakati, tukapiga makofi. Hatukuulizana kuni zilitoka wapi, mpaka siku tulipokwenda kukata majani ya kuezekea tukakuta visiki vitupu. Tangu hapo anayeomba mkopo wa tanuri hueleza kwanza kuni atazitoa wapi.

Kosa la pili ni kuwaachia wengine mikutano. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Inataka pia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, liwe na wanawake wasiopungua watatu. Mpango wa matumizi ya ardhi nao hupitishwa na Mkutano Mkuu wa kijiji. Kijiji kinakua na viwanja vinatafutwa. Siku hiyo kama sote tuko gulioni, nani atasema ngitili isikatwe viwanja?

Basi akina mama, mkutano ukiitishwa tufunge biashara mapema, twende. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba nacho kinahitaji pa kukiweka.