Dirisha la Mashariki: Vioo vya Rangi, Kutoka Meza ya Chokaa Hadi Kompyuta



Siku hizi kijana akichora kanisa kwenye kompyuta, lazima atie madirisha ya rangi. Wazee wengine wanauliza: jamani, hizo si sanamu? Kabla hatujabishana, tuangalie historia.

Katika karne ya 12 na ya 13, mafundi wa Ulaya, kama wale waliopamba kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, walifanya hivi: meza inapakwa chokaa, dirisha linachorwa juu yake kwa ukubwa wake wote, vioo vinakatwa kwa kufuata mchoro, kisha vipande vinaunganishwa kwa risasi. Kwa watu wasiojua kusoma, picha zile zilikuwa mahubiri.

Kompyuta imechukua nafasi ya ile meza tu. Kijana anachukua ukuta wa modeli yake, anaulaza bapa, anachora mistari minene pale risasi au chuma kitakapopita, anakipa kila kipande namba na rangi moja, halafu anachapisha kwa ukubwa kamili. Akifika kwa fundi wa vioo anaambiwa, "Kona hii kali inayoingia ndani haikatiki, kioo kitapasuka." Basi anarudi kurekebisha. Skrini inakubali kila kitu, kioo hakikubali.

Mfano mkubwa uko Köln, Ujerumani. Dirisha la upande wa kusini wa kanisa kuu liliharibiwa katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 2007 likazinduliwa jipya, la msanii Gerhard Richter: miraba kama 11,500 ya rangi 72. Nusu ilipangwa na kompyuta bila mpango maalumu, nusu ya pili ikaigeuza kama sura kwenye kioo cha kujitazamia. Hakuna mtakatifu wala sanamu, ni nuru tu. Hata hivyo askofu mkuu wa pale hakulipenda! Kwa hiyo ubishi huu si wa kwetu peke yetu.

Sisi wa mpakani tunajua vita inavyovunja. Köln hawakurudisha picha ya zamani. Walijaza pengo kwa mwanga.

Lakini tusiige kila kitu. Kule jua hupita upande wa kusini. Kwetu mstari wa Ikweta unapita hapo Kikorongo, na jua huchomoza karibu na mashariki mwaka mzima. Tukijenga, dirisha letu litazame mashariki. Kwenye ibada ya asubuhi rangi zitamwangukia wa Uganda na wa Kongo kwenye benchi moja, na hakuna atakayeinamia sanamu.

Wazee, mnasemaje?