Kiungo Kivuli

Kiungo kivuli ni hisia kwamba kiungo kilichokatwa bado kipo mahali pake. Mtu aliyekatwa mguu juu ya goti huhisi vidole vimejikunja, unyayo unawasha au kisigino kimebanwa, na huku anaona kwa macho yake kwamba chini ya kigutu hakuna kitu. Karibu wote waliokatwa mkono au mguu hupata hisia hizi kwa muda fulani, na kwa wengi wao huambatana na maumivu: kuungua, kuchomwachomwa, au ngumi iliyokazwa hadi kucha zikazama kiganjani, isiyokunjuka hata mwenyewe ajitahidi vipi. Watu hawa wana akili timamu. Wanajua kwamba mkono haupo, na bado unauma. Kujua huko hakuwapunguzii chochote, na hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo: mwili tunaouhisi ni taswira ambayo ubongo huijenga na kuitunza, nayo yaweza kudumu miaka mingi baada ya nyama na mfupa kuondoka.

Habari zenyewe ni za kale. Ambroise Paré, mpasuaji wa jeshi la Ufaransa katika karne ya 16, aliandika juu ya majeruhi waliolalamikia maumivu ya viungo walivyokwisha kukatwa. Mwaka 1641 mwanafalsafa René Descartes aliitaja hali hiyo kuonyesha kwamba hata hisia za ndani ya mwili zaweza kumdanganya mtu. Aliyeichunguza kwa wagonjwa wengi ni Silas Weir Mitchell wa Philadelphia, daktari aliyewatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865). Mwaka 1866 aliitoa kwanza kama hadithi ya kubuni katika jarida, bila kutia jina lake. Huenda alichelea kukejeliwa na matabibu wenzake. Miaka 5 baadaye aliieleza waziwazi na kuipa jina ambalo tiba inalitumia hadi leo.

Maelezo yanayokuja upesi ni kwamba ubongo hauhusiki sana. Neva zilizokatwa huota vinundu kwenye kigutu, vinundu hivyo hutuma ishara ovyo, na mtu huzipokea kana kwamba zimetoka mguuni. Maelezo haya yana ukweli ndani yake, na si haki kuyapuuza. Kigutu kikiguswa pabaya, maumivu ya kiungo kivuli huzidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba dawa ya ganzi ikichomwa karibu na mizizi ya neva kando ya uti wa mgongo, kiungo kivuli cha mguu na maumivu yake vyaweza kutulia kwa muda. Lakini wapo watu ambao uti wa mgongo umekatika kabisa, au neva za mkono zimeng'oka kwenye uti wenyewe, jeraha ambalo mara nyingi huletwa na ajali za pikipiki. Kwao hakuna ishara ya mkononi wala mguuni inayoweza kufika juu kwa njia hiyo, na bado huhisi kiungo, pengine kikiwa kimekaa mkao tofauti na ule unaoonekana. Tena, ishara ya neva ni mpigo wa umeme tu. Haina ndani yake habari ya kidole gumba kilichopinda au ya pete iliyobana. Habari hiyo hupatikana pale ishara inapofasiriwa, na pa kufasiria ni ubongo.

Wengine wamesema kwamba hisia hizi ni majonzi: mtu hajakubali hasara yake, basi moyo unamrudishia alichopoteza. Kama ndivyo, mkono ungerudi ukiwa mzima, wala usingerudi ukiwa na ngumi inayomtesa mwenyewe usiku kucha. Hoja nzito kuliko hiyo inatoka kwa watu waliozaliwa bila mikono au miguu. Ronald Melzack, mtafiti wa maumivu wa Montreal, alikusanya habari za watoto wa namna hiyo waliohisi viungo ambavyo hawakuwahi kuwa navyo. Si wote walio hivyo, ni sehemu tu yao. Hata hivyo, mtoto asiyewahi kuwa na mkono hawezi kuukumbuka wala kuuomboleza. Melzack alihitimisha kwamba ubongo huja na mpangilio wa mwili mzima tangu mwanzo, ambao maisha huurekebisha.

Sehemu ya mpangilio huo inajulikana vizuri. Huko huko Montreal, katika miaka ya 1930, Wilder Penfield alikuwa akiwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, akigusa gamba la ubongo kwa umeme hafifu na kuwauliza walichohisi. Alipogusa hapa mgonjwa alihisi midomo, akisogea kidogo alihisi kidole. Ikapatikana ramani ambamo midomo na mikono vimepewa nafasi kubwa kuliko mgongo mzima, na ambamo uso umepakana na mkono. Mpaka huo ulikuja kuzua mjadala mrefu. Mwaka 1991 Tim Pons na wenzake waliripoti kwamba katika tumbili ambao neva za hisia za mkono zilikatwa miaka mingi kabla, eneo la mkono kwenye ubongo liliitikia mguso wa uso. Mwaka uliofuata V. S. Ramachandran akaeleza habari za watu waliokatwa mkono ambao, wakipapaswa shavuni, walihisi kupapaswa vidole visivyokuwapo. Mwaka 1995 watafiti wa Ujerumani wakaongeza kwamba kadiri ramani ilivyohama zaidi, ndivyo maumivu yalivyokuwa makali. Ikaonekana kesi imekwisha: jirani amevamia shamba lililoachwa wazi, na uvamizi huo ndio unaouma.

Kesi haikuwa imekwisha. Mwaka 2013 Tamar Makin na wenzake wa Uingereza walionyesha kwamba kwa waliokatwa mkono, kuusogeza mkono kivuli huamsha eneo lilelile la mkono kwenye ubongo, na wenye maumivu makali zaidi ndio ambao eneo hilo limehifadhika zaidi. Mwaka 2025 yakatolewa matokeo ya watu 3 waliopigwa picha za ubongo kabla ya kukatwa mkono na tena baadaye. Ramani ya mkono na ya midomo ilibaki karibu kama ilivyokuwa. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, ushahidi wa pili una nguvu zaidi, kwa sababu unamlinganisha mtu na yeye mwenyewe. Haubomoi wazo kwamba kiungo kivuli ni kazi ya ubongo, unalikaza. Mkono unahisiwa kwa sababu ubongo haujaacha kuutunza.

Ubongo hautungi mwili kwa kubahatisha, hata hivyo. Hutumia kila ushahidi unaoupata, na hupima upi wa kuamini. Mwaka 1998 Matthew Botvinick na Jonathan Cohen waliwaketisha watu wazima wa mwili, wakawafichia mkono mmoja na kuwawekea mbele ya macho mkono wa mpira. Mikono yote miwili ilipapaswa kwa brashi kwa wakati mmoja. Baada ya dakika chache wengi walihisi mguso pale kwenye mpira, kana kwamba mkono ule ni wao. Ramachandran naye alitumia kanuni hiyohiyo kwa tiba: kioo husimamishwa katikati ya mwili, mgonjwa hutazama taswira ya mkono mzima mahali pa mkono uliokatwa, kisha huikunja na kuikunjua mikono yote miwili. Baadhi walihisi ngumi kivuli ikifunguka. Katika jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2007, lililofanywa kwa wanajeshi wa Marekani waliokatwa mguu, wote 6 waliotumia kioo kwa wiki 4 walipata nafuu. Tafiti za baadaye zimetoa matokeo mchanganyiko, na si kila mgonjwa anayesaidika. Lakini kioo ni rahisi kupatikana, hakina madhara ya dawa, na hospitali yoyote ya wilaya yaweza kukijaribu.

Hapa huibuka pingamizi la mwisho: ikiwa hisia hizi zimetungwa na ubongo, basi maumivu hayo ni ya kufikirika tu. Pingamizi hili limewaumiza wagonjwa wengi, na halina msingi. Maumivu ya jino bovu nayo hukamilika ubongoni. Jino peke yake haliumwi. Kama kutungwa na ubongo kungefanya maumivu yawe ya uongo, basi hakuna maumivu ya kweli kwa binadamu yeyote. Tena hisia hizi ni halisi kiasi kwamba zaweza kuamshwa kwa kugusa mahali pengine mwilini: Todd Kuiken na wenzake wa Chicago, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wamezihamisha neva za mikono iliyokatwa hadi kwenye misuli ya kifua ili ziendeshe mkono wa bandia. Neva zilipoota na kufika kwenye ngozi ya kifua, wagonjwa walioguswa kifuani walihisi kuguswa mkono uliokatwa, na waliweza kutofautisha moto na baridi katika vidole ambavyo havipo.