Tenti ya Matanga na Meza ya Fundi

Msiba ukitokea Nambale, Adungosi au Amagoro, tenti hufika kabla ya jamaa wa mbali. Hushushwa kwenye mkokoteni kama mzigo wa kuni: paipu ndefu, paipu fupi, gunia la kona, na turubai lililokunjwa. Vijana watatu huzitandaza kona chini, huchomeka paipu za paa, hulivuta turubai juu yake, kisha huinua upande mmoja na kuutia miguu, halafu wa pili. Chai haijachemka na kivuli kimesimama. Mazishi yakipita, vyote hurudi kwenye mkokoteni, na Jumamosi inayofuata ni harusi ya watu wengine.

Kona hizo ndizo zilizonitia katika ulinganishi huu. Ni vipande vifupi vya paipu pana kidogo kuliko zile ndefu, vimekatwa mshazari na kuchomelewa pamoja vikatazama pande tatu au nne. Anayezitengeneza ni fundi wa jua kali, yule yule wa kando ya barabara mjini Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Nenda basi ukamtazame anapofanyia kazi. Amechuchumaa. Geti analolishughulikia limelazwa juu ya mawe mawili na rimu ya gari. Grenda iko mchangani, waya wake unapita katikati ya miguu ya mteja. Hapo hapo ndipo pa kukatia, pa kuchomelea na pa kupakia rangi. Geti la pili likifika, la kwanza husukumwa ukutani rangi haijakauka, na jioni linasukumwa tena kumpisha mwenye kibanda cha jirani afunge mlango wake. Mtu huyu aliyewapa wenye misiba nyumba inayovunjwa na kusimikwa upya kwa dakika chache hajajipa mwenyewe hata meza. Tunaweza kusema mganga hajigangi, tukaondoka. Mimi naona afadhali tukae kidogo tuulize kwa nini, na njia nzuri ya kuuliza ni kutazama wengine wameunganisha vipi.

Tuanze na wanaosifiwa zaidi. Kampuni ya Yazaki ya Japani huuza mfumo uitwao Creform: paipu za chuma chembamba zilizovikwa plastiki, kipenyo chake milimita 28, na viungo vya chuma vinavyokuja nusu mbili. Nusu hizo huikumbatia paipu, boliti ndogo ikazibana, na spana ya alen pamoja na kikata-paipu ndizo karibu zana zote zinazohitajika. Hakuna cheche wala rangi ya kusubiri. Kwa vitu hivyo viwanda vya magari hujijengea meza, vitoroli na rafu. Rafu ninayoipenda ina mteremko wa vigurudumu: sanduku la vipuri hutiwa kwa nyuma na kuteleza lenyewe hadi mbele ya mfanyakazi, na sanduku tupu hurudi kwa mteremko wa chini. Taiichi Ohno, aliyeijenga mbinu ya uzalishaji ya Toyota, alieleza kwamba wazo la kujaza kile tu kilichochukuliwa alilipata kwa supamaketi za Marekani. Vifaa vya namna hiyo, vinavyoendeshwa na uzito na mteremko badala ya umeme, Wajapani huviita karakuri, jina la vikaragosi vya mitambo vya enzi ya Edo. Kitabu cha Hosokawa Hanzo cha mwaka 1796 kilikwisha kuonyesha jinsi kikaragosi kinavyoweza kutembea na kikombe cha chai kumpelekea mgeni.

Hapa wahubiri wa ufanisi huchukua njia ya mkato. Hutuonyesha picha ya karakana ya Kijapani, sakafu inang'aa, rafu zina lebo, kisha hutugeuzia picha ya fundi wetu aliyechuchumaa, na somo linaisha. Hawasemi kwamba seremala wa Kijapani wa zamani naye alikaa chini, akaushika ubao kwa mguu na kuuvuta msumeno kuelekea kwake, na kazi zake ni za kustaajabisha hadi leo. Kuchuchumaa si ushamba. Meza ya kusimama inakifaa kiwanda, pale kazi moja inapogawanywa kwa watu kumi na kila mmoja akahitaji kitu kimfikie kwa kimo chake. Kinachonivutia katika paipu za milimita 28 ni kwamba anayeibadilisha meza ni yule anayeitumia. Mgongo ukiuma anafungua boliti nne, anainua, anafunga. Haandiki barua kwa mtu yeyote.

Waingereza walifika karibu na hapo kwa njia ya ng'ombe. Mwaka 1934, mjini Reading, kampuni ya George H. Gascoigne ilitengeneza viungo vya chuma cha kusubu kwa ajili ya mabanda ya kukamulia maziwa. Vikaitwa Kee Klamp. Paipu huingia ndani ya kiungo, na skrubu iliyozama hukazwa kutoka ubavuni ikaing'ata. Vizuizi vya ng'ombe vilihamia baadaye kwenye ngazi za viwandani na vyuma vya kushikilia kando ya njia. Nalitaja hili kwa sababu skrubu hiyo ya ubavuni tutakutana nayo tena Busia.

Pwani yetu nayo ina neno hapa, na ni neno kongwe. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza, Periplus, unautaja mji wa biashara wa Rhapta katika mwambao wa Afrika Mashariki na kusema jina lake linatokana na vyombo vya kushonwa. Kwa hiyo mojawapo ya majina ya kwanza ya mwambao huu kuandikwa lilitokana na kiungo. Mtepe wa Lamu ulirithi mkono huo: mbao zilizotobolewa na kushonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Kamba zikichoka, chombo kilipandishwa ufukoni kikashonwa upya. Mshonaji alijua tangu siku ya kwanza kwamba kazi yake itafumuliwa, akaifanya ifumulike.

Kiungo, nadhani, ni maoni ya fundi kuhusu kesho. Mshonaji wa mtepe aliitazamia kesho ya kamba kuoza. Kiwanda cha Toyota kinaitazamia kesho ya gari la muundo mwingine. Fundi wa Busia anapoishika elektrodi anaitazamia kesho ya namna gani?

Anamwona mwizi, kwanza. Boliti inayofunguliwa na spana ya mwenyewe itafunguliwa na spana ya mwingine usiku. Ndiyo maana hata pale anapotumia nati, mara nyingi huigusa kwa moto kidogo ikashika milele. Anauona pia mzigo. Na hapa lazima nisimame kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, maana ndiyo kazi bora ya paipu iliyowahi kuvuka mpaka huu.

Paipu ilijulikana Busia zaidi kwa kupandwa. Katika miaka ya 1960 vijana wa hapa walianza kuwabeba watu kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, na jina la safari hiyo ya mpaka hadi mpaka, bodaboda, likaenea Afrika Mashariki nzima. (Bomba la kiti la baiskeli ya Kiingereza lina kipenyo cha milimita 28.6. Liko karibu kabisa na paipu ya Yazaki. Halithibitishi lolote, ila hunichekesha.) Kisha ikaja ya magurudumu matatu, inayoendeshwa kwa mikono, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa miguu. Wenyewe waliitazama wakaona kitu ambacho wafadhili hawakukiona: nafasi ya mizigo. Watafiti Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda, katika kitabu kilichotoka mwaka 2007, walieleza jinsi wafanyabiashara wenye ulemavu wa Busia walivyoigeuza baiskeli hiyo kuwa chombo cha kuvushia bidhaa mpakani na kujipatia riziki na heshima. Chombo cha msaada kilikuwa sasa na mzigo wa gunia juu ya gunia, na msukumaji nyuma. Mbele ya mzigo kama huo hakuna fundi mwenye akili atakayeamini boliti moja nyembamba. Anachomelea, anaongeza kipande cha nondo kwenye kona, anachomelea tena. Ikivunjika, fundi wa upande wowote wa mpaka ataishika kazi hiyo bila kuuliza ni ya kampuni gani, na huo ni ufanisi ambao katalogi haiupimi.

Kuna sababu ya tatu, nayo ni vipimo. Paipu mbili zinazouzwa kwa jina la inchi moja zinaweza kutofautiana unene, na ya bei nafuu huwa nyepesi zaidi. Moto husamehe tofauti hiyo. Kiungo cha kubana hakisamehi. Ukitaka kuona nguvu ya kipimo kimoja, panda matatu hadi Malaba, kilomita 30 hivi kaskazini, uzitazame kontena zikisubiri kuvuka. Tarehe 26 Aprili 1956 meli ya Malcom McLean, Ideal X, iliondoka Newark na kontena 58. Kufuli ya kona, ile inayozungushwa ikashika sanduku, ilibuniwa na mhandisi wake Keith Tantlinger, na McLean akakubali hataza yake itumiwe na wote ili ulimwengu upate kona ya aina moja. Kwa hiyo kontena iliyofungwa ng'ambo hufika Malaba na kukaa juu ya trela ambayo haijawahi kuiona, kufuli nne zikaingia mahali pake. Na trela hiyo ikipata ufa kwenye chasisi, anayeitwa ni kijana mwenye mashine ya kuchomelea na kofia ya jua. Sioni aibu katika jambo hilo. Mifumo miwili imekutana chini ya gari moja, na kila mmoja unafanya kinachouhusu.

Pale ninapomlaumu fundi wetu ni pengine. Mwizi, mzigo na vipimo vinaeleza vizuri kwa nini anachomelea geti la mteja. Haviielezi meza yake mwenyewe. Meza haivuki mpaka wala haibebi gunia, na tena yeye ndiye mtu ambaye kesho yake haina uhakika kuliko wote: kiwanja si chake, barabara ikipanuliwa anahama, mwenye kibanda akipandisha kodi anahama. Serikali nayo ilipomfikiria ilimfikiria kwa mabati. Tangu Rais Moi awatembelee mafundi wa Kamukunji mwaka 1985, msaada wa kwanza kutajwa umekuwa kibanda cha kuwakinga jua. Kibanda ni kitu kizuri, lakini kimechimbiwa nguzo, na fundi asiyekipata huendelea kupiga magoti mchangani. Mwanamke anayeuza mitumba sokoni amemshinda. Yeye hufunga vijiti vyake kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, hupandisha nguo zikafika usawa wa macho ya mnunuzi, hushusha ubao watoto wakiwa ndio wateja, na jioni hubeba duka lake zima kichwani. Kila kanuni ya rafu ya Kijapani iko pale, isipokuwa plastiki ya rangi.

Na fundi anayo hesabu tayari mikononi. Paipu ya dukani ina mita 6. Ikate miguu minne ya sentimita 80, vipande viwili vya 90 na viwili vya 50: jumla ni mita 6 kamili, ukiacha milimita chache zitakazoliwa na grenda. Kona nne ni zile zile za tenti, za pande tatu, kutoka mabaki ya paipu ya saizi inayofuata. Kwenye kila tundu chomelea nati ubavuni, utie boliti inayokazwa hadi iing'ate paipu ya ndani, kama vile inavyokazwa miguu ya miavuli ya wauza vocha. Huyo ndiye ng'ombe wa Reading, amefika Busia bila kupita forodhani. Juu ya meza weka bamba la chuma lililobaki kwenye kazi ya lori. Akitaka kuchomelea dirisha, miguu ya 80. Akitaka kukaza boliti za tangi refu, aichomoe aweke ya 50 aliyoikata kwenye paipu ya pili.

Nilipomwonyesha fundi mmoja mchoro huu kwenye boksi la elektrodi, aliuangalia kwa muda, akageuza boksi, akaniuliza, "Na usiku, mzee wangu, nani atalala na hizi paipu?" Kisha akajijibu mwenyewe kwa kidole, akaelekeza mkokoteni uliokuwa ukipita na mzigo wa tenti, na gunia la kona likining'inia nyuma.