Safu ya Lugha: Si kila hitilafu ni shoti

Gari likizima taa barabarani kisha likaziwasha lenyewe, utasikia: "Lina shoti." Hapana. Shoti, neno tulilolitoa kwenye Kiingereza, ni umeme kupata njia ya mkato: waya uliochubuka unagusa bodi, mkondo unafurika, fyuzi inaungua. Na fyuzi iliyoungua hairudi yenyewe. (Shoti ya makarani wa fedha, yaani pesa kupungua kwenye hesabu, ni ya ukoo huohuo wa Kiingereza.)

Umeme unaokuja na kuondoka una neno lake zuri la Kiswahili: unakatikakatika. Mara nyingi chanzo ni waya uliolegea, au kichwa cha betri kilichoota ungaunga mweupe. Tena kulegea si kukatika. Waya uliokatika haupitishi kitu. Uliolegea hupitisha gari likitulia, hugoma kwenye matuta. Washa taa kubwa, tikisa nyaya za betri mmoja mmoja, hasa ule wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Taa zikipepesa, umeufikia. Ukimwambia fundi "shoti", atafumua dashibodi kutafuta mchubuko, na kazi hiyo utailipia wewe.