Kwa Nini Redio ya Mathree Bado Inataka FAT32

Kuna sentensi moja ambayo kila mtu aliyewahi kujaziwa ngoma kwenye flashi ameisikia: "Fomati iwe FAT32." Jamaa wa duka la muvi atakwambia hivyo. Fundi wa redio za magari atakwambia hivyo. Hata makanga mwenye flashi yake ya miksi anaijua. Hakuna anayekwambia kwa nini. Unanunua memori kadi ya GB 64, unaichomeka kwenye kaspika kako, spika inanyamaza kana kwamba hujaweka kitu. Unadhani umeuziwa feki. Pengine ni feki kweli, hii Nairobi tunaijua, lakini mara nyingi kadi ni nzima kabisa. Spika na kadi hazisikilizani lugha, basi.

Na hiyo lugha ina umri wa wazazi wa wengi wenu mnaosoma hapa.

Mwaka 1977, Marc McDonald, mmoja wa waajiriwa wa kwanza kabisa wa Microsoft, alikuwa anaandika programu ya BASIC inayotumia diski kwa ajili ya kampuni ya NCR. Baada ya kujadiliana na Bill Gates, akabuni njia ya kuweka hesabu ya sehemu gani ya diski imechukuliwa na faili gani. Mwaka 1980 Tim Paterson, wa kampuni ndogo iliyoitwa Seattle Computer Products, akalichukua wazo hilo, akalifanyia marekebisho na kuliweka ndani ya mfumo wake wa 86-DOS. Microsoft ikaununua mfumo huo 1981, ukawa MS-DOS, na Agosti mwaka huohuo IBM ikatoa PC yake ya kwanza nao. Flopi ya kompyuta ile ilibeba KB 160. Leo picha moja tu ya WhatsApp inaweza kuimaliza.

Sasa sikiza venye kitu chenyewe kinafanya kazi, juu hapa ndipo utamu ulipo. Diski inagawanywa vyumba vidogo vinavyolingana, vinaitwa klasta. Mwanzoni kunawekwa jedwali lenye nafasi moja kwa kila chumba, na kila nafasi inasema jambo moja tu: "ukitoka hapa nenda chumba namba fulani", au "faili imeishia hapa", au "hapa hakuna mtu". Halafu kuna orodha ya majina. Kila faili inapewa baiti 32 za kuandikiwa jina, ukubwa, tarehe na chumba chake cha kwanza. Ukitaka kusoma wimbo, unatafuta jina, unaenda chumba cha kwanza, unarudi kwenye jedwali kuuliza cha pili kiko wapi, unaendelea hivyo mpaka uambiwe umefika. Ni kama kutafuta kwa mtu katika mtaa usio na namba za nyumba: kila mwenye kioski anakuelekeza kwa kioski kinachofuata. Jedwali hilo ndilo FAT.

Ukifuta picha, by the way haifutiki. Herufi ya kwanza ya jina inabadilishwa kuwa alama ya kufutwa, na vyumba vyake vinatangazwa kuwa vitupu. Picha yenyewe imelala palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kabla hujauza kadi yako ya zamani, fikiria hilo.

Nafasi ya kuandika ukubwa wa faili ni baiti 4. Namba kubwa kabisa inayoingia hapo ni 4,294,967,295, yaani karibu GB 4. Kwenye enzi ya flopi hiyo ilikuwa namba ya kuchekesha, nani angewahi kuifikia? Sisi tumeifikia. Wale tunaorekodi harusi na shoo tunajua kamera yenye kadi ya FAT32 inakata video ndefu vipande vipande, na mteja anauliza mbona kwaya imerukwa nusu sekunde. Kila nikiunganisha kipande cha kwanza na cha pili nawaza ile flopi ya KB 160.

Kwa hivyo si kwamba FAT ilishinda kwa kuwa bora. Toleo la FAT32 lilitoka 1996 na tayari wataalamu walikuwa na mifumo mizito na salama zaidi. FAT ilishinda juu ni rahisi, na juu kompyuta ya kila mtu tayari ilikuwa inaisoma. Ukitengeneza kamera, printa au redio, hutaki mteja asakinishe kitu. Unataka achomoe kadi aingize kwa kompyuta ione picha. Hata laptopu yako ya kisasa, ukiiwasha, mara nyingi huanzisha mfumo wake kwa kusoma sehemu ndogo ya diski iliyoandikwa kwa FAT.

Na kitu kikishakuwa barabara ya kila mtu, kuna mtu atafikiria kuweka kizuizi cha kulipia.

Desemba 2003 Microsoft ilitangaza leseni ya FAT: senti 25 za dola kwa kila kifaa, na kikomo cha dola 250,000 kwa kila mtengenezaji. Kuna wenye watasema, si walibuni wao, wacha walipwe. Sawa. Lakini angalia hataza zenyewe, zile haki za kisheria za ubunifu. Zilizoleta vita hazikuwa za jedwali la 1977. Zilihusu ujanja uliokuja na Windows 95. Zamani jina la faili lilikuwa herufi 8, nukta, halafu herufi 3, kwisha. Windows 95 ikaruhusu majina marefu kwa kuipa faili moja majina mawili, refu na fupi, ili kompyuta za zamani zisichanganyikiwe. Ni ujanja mzuri, sikatai. Ila ulikuwa kiraka cha udhaifu wa mfumo wao wenyewe, na wengine walilazimika kukitumia si kwa kupenda bali kwa sababu bila hicho kifaa chako hakiongei na kompyuta za watu.

Februari 2009 Microsoft ikaishtaki TomTom, kampuni ya Uholanzi inayotengeneza vile vifaa vya kuelekeza dereva njia. Vifaa hivyo vilitumia Linux. Hataza zilizotajwa zilikuwa 8, na 3 kati yake zilihusu mambo ya faili. TomTom ikashtaki pia, halafu mwezi uliofuata wakapatana: TomTom ilipe, na ndani ya miaka miwili iondoe kwenye vifaa vyake sehemu zilizoguswa na hataza mbili za faili. Mwaka huohuo Andrew Tridgell, mwandishi wa programu kutoka Australia, akapendekeza Linux irekebishwe isitengeneze majina yote mawili kwa faili moja. Watu wenye akili zao, wanakaa chini kuvuruga programu nzima makusudi, ili flashi isomeke bila mtu kupelekwa kortini. Hiyo ndiyo bei ambayo haionekani kwenye zile senti 25.

Hadithi ikarudiwa. Kadi zilipozidi GB 32, kiwango cha SDXC cha 2009 kilichagua exFAT, mfumo mwingine wa Microsoft uliotoka 2006, usio na ule ukuta wa GB 4. Ndiyo maana kadi yako ya GB 64 inakataliwa na redio ya zamani: dukani inakuja imefomatiwa exFAT, na redio haijui exFAT ni mnyama gani. Maelezo kamili ya exFAT yalibaki ya kulipia na kuombea ruhusa mpaka Agosti 2019, Microsoft ilipoyachapisha na kukubali iingie Linux. Miaka kumi dunia imelazimishwa kutumia kitu kabla hakijaruhusiwa kuelezwa wazi. Mimi naona hiyo order ni mbaya, na sijaona hoja ya kunibadilisha.

Lakini hakuna senti 25 wala kesi inayoeleza vile kaspika ka bei ya chini kanajua kusoma FAT. Kachipu kake hakana Windows wala Linux. Kuna mtu alilazimika kukafundisha.

Mmoja wa walimu hao ni mtu wa Japani anayejulikana kwa jina la ChaN tu. Mwaka 2006 alitoa FatFs, programu ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya C, na leseni yake inakuruhusu kuitumia hata kwa biashara mradi usifute taarifa yake ya haki kwenye msimbo. Kilichonivutia ni kiolesura chake, yaani zile amri chache ambazo programu yako inaongea nazo. Juu unapata f_open, f_read, f_write na f_close: fungua, soma, andika, funga. Chini yake wewe unaandika kazi chache za kugusa kifaa, kubwa zikiwa disk_read na disk_write. FatFs haijali kama huko chini kuna memori kadi au flashi. Majina marefu yanakuja yamezimwa, ukiyataka unayawasha mwenyewe, na kwa miaka maelezo yake yalikuonya kuhusu hataza.

Kwa chipu ndogo zaidi akatoa nduguye, Petit FatFs. Arduino Uno ina KB 2 za kumbukumbu ya kazi. Kipande kimoja cha kadi ni baiti 512, yaani robo nzima ya hiyo imeenda kabla hujafanya chochote. Petit inatumia baiti 44 na nafasi kidogo ya pembeni. Gharama yake? Haiwezi kuunda faili mpya wala kuirefusha. Inaandika tu ndani ya faili uliyoitayarisha mapema, kama mtoto anayepewa daftari lenye kurasa zimehesabiwa. Mimi hiyo naiita ukweli: inakwambia mapema kile haiwezi.

Siku hizi chipu ya ESP32, ile wenye klabu za roboti mnaijua, vifaa vyake vya programu kutoka kwa Espressif vinakuja na FatFs ndani. Ukiweka sensa ya unyevu shambani, iandike kwenye kadi kila saa, hulipi mtu.

Kuna kitu kimoja FAT haikuwahi kufikiria, nacho ni stima kupotea. Kuandika faili kunagusa jedwali, nakala yake, na orodha ya majina, mahali tofauti. Umeme ukikatika katikati, kimoja kimebadilika kingine bado, na kadi inakuwa na vyumba visivyo na mwenyewe. Mwaka 2017 Christopher Haster wa kampuni ya Arm alitoa littlefs, iliyotengenezewa chipu kama hizi. Inaandika kitu kipya pembeni kwanza, ikimaliza ndipo inahama, kwa hivyo ikizimwa katikati unarudi kwenye hali ya zamani iliyo salama. Pia inazungusha kazi ili sehemu moja ya chipu isichakae peke yake. Amri zake nazo ni zilezile: fungua, soma, andika, funga.

Shida ni moja. Chomeka kadi ya littlefs kwenye laptopu ya Windows, itakuuliza kama unataka kuifomati. Kwa hivyo watu wanaweka zote mbili: littlefs ndani, kwenye chipu iliyochomelewa, na FAT kwenye kadi ambayo siku moja mtu ataichomoa akimbie nayo saiba.