Puto la kijasusi: kwa nini majeshi makubwa yanahangaika nalo?

Wadau, tangu lile puto la China likatize juu ya Marekani mwaka 2023, kila mazungumzo ya maputo yanapozuka swali ni lile lile: jeshi lenye ndege za mabilioni linashindwaje kutungua kitu kinachokwenda na upepo tu? Wengine walicheka kabisa, eti mtoto mwenye manati angelimaliza. Haya, tulizungumze taratibu, maana shughuli yenyewe si nyepesi hata kidogo.

Kwanza kitu chenyewe. Hapa hatuongelei maputo ya sherehe. Huu ni mfuko mkubwa sana wa plastiki nyembamba, umejazwa gesi ya heliamu, unaelea kati ya kilomita 18 na 37 kutoka ardhini. Ndege za abiria zinapita kwenye kilomita 10 hadi 12, kwa hiyo puto liko juu kabisa ya njia zao. Chini ya mfuko unaning'inia mzigo: kamera, antena za kunasa mawasiliano, betri, paneli za sola. Lile la 2023, kwa maelezo ya Wamarekani, lilikuwa na kimo cha kama mita 60, na mzigo wake ulikuwa na ukubwa wa ndege ndogo ya abiria na uzito uliozidi kilo 900. Hebu fikiria kitu hicho kikianguka kwenye paa la mtu.

Utauliza, mbona setilaiti zipo? Zipo, lakini setilaiti ya upelelezi inapita mamia ya kilomita juu, kwa kasi ya zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Dakika chache imeshapita, na mwenye siri anajua itarudi saa ngapi, anafunika mambo yake. Puto liko karibu zaidi na linaweza kuzubaa eneo moja kwa masaa mengi, likinasa hata mawimbi dhaifu ya redio. Bei yake ukilinganisha na setilaiti ni cha mtoto.

Kuliongoza kunafanana na kazi ya nahodha wa jahazi anayesubiri kaskazi au kusi. Huko juu upepo una tabaka, tabaka hili linavuma mashariki, lile linavuma kwingine. Puto linapandishwa au kushushwa kidogo mpaka likute upepo unaokwenda linakotakiwa. Halitii amri kama ndege, lakini pia si takataka inayopeperuka hovyo.

Sasa kazi ya jeshi inaanza na kuliona, na hapo ndipo wakubwa walipoumbuka. Rada za kulinda anga zimepangwa kuchuja vitu vidogo na vya polepole, la sivyo kioo kingejaa ndege wa porini na mawingu. Kinachotafutwa ni makombora na ndege za mwendo mkali. Baada ya tukio la 2023, Jenerali Glen VanHerck, aliyekuwa mkuu wa kamandi inayolinda anga ya Amerika Kaskazini, alikiri kwamba maputo mengine ya China yalikuwa yamepita miaka ya nyuma bila wao kuyagundua wakati ule. Habari zake walizipata baadaye kupitia idara za ujasusi. Nchi yenye bajeti kubwa kuliko zote ya ulinzi, jamani!

Tuseme umeliona. Unalitunguaje? Puto la mtoto linapasuka kwa sababu mpira wake umevutwa na hewa ya ndani inasukuma kwa nguvu. Maputo mengi ya kimo kikubwa hayako hivyo. Msukumo wa gesi ya ndani unakaribiana na wa hewa ya nje, kwa hiyo ukilitoboa heliamu inavuja polepole sana. Wakanada wanalijua hilo vizuri. Agosti 1998 puto lao la utafiti wa ozoni, lililorushwa Saskatchewan, liligoma kushuka likaelekea baharini kwenye njia za ndege. Ndege mbili za kivita aina ya CF-18 zikatumwa, zikalimiminia risasi zaidi ya 1,000 karibu na Newfoundland. Puto likaendelea na safari yake likavuka Atlantiki nzima, likaja kutua kwenye kisiwa cha Finland. Risasi elfu!

Kimo nacho ni tatizo. Hewa ya huko ni nyembamba mno, chini ya sehemu moja ya kumi ya tunayovuta pwani, na ndege nyingi za kivita zinaanza kupumulia mashine zikikaribia futi 50,000. Halafu ndege iko kasi kweli kweli na puto ni kama limesimama, rubani ana sekunde chache tu za kulenga kabla hajalipita au kuligonga.

Wasovieti walikutana na haya mapema. Kati ya Januari na Februari 1956 Marekani ilirusha maputo 516 yenye kamera kutoka Ulaya Magharibi na Uturuki, yapite juu ya Urusi yote yatokee upande wa Pasifiki. Mpango uliitwa Genetrix, na kwa nje ukasemwa ni utafiti wa hali ya hewa (kumbe kisingizio hiki ni cha kale!). Marubani wa MiG waligundua ujanja: usiku gesi inapoa, inasinyaa, puto linashuka, kwa hiyo alfajiri kabla jua halijalipasha joto linaweza kufikiwa. Walitungua mengi, Moscow ikalalamika hadharani, Rais Eisenhower akasimamisha mpango. Mizigo iliyopatikana ikiwa na picha haikufika hata 50. Wanahistoria wa anga wanaeleza pia kwamba filamu za Kimarekani zilizookotwa kwenye maputo hayo, ambazo zilistahimili mionzi, ndizo Wasovieti walizotumia mwaka 1959 kwenye chombo cha Luna 3 kupiga picha za kwanza za upande wa mwezi tusiouona. Maputo yaliwasumbua kiasi kwamba baadaye walibuni ndege maalumu ya kuyawinda, ya Myasishchev, yenye mabawa marefu mno. Ya kwanza ilianguka mwaka 1978 na kumuua rubani wake. Iliyofuata, M-17, iliruka 1982, na mdogo wake M-55 akaishia kwenye utafiti wa ozoni.

Turudi 2023. Puto liliingia anga ya Alaska tarehe 28 Januari, likapita Kanada, tarehe 1 Februari raia wakaliona kwa macho juu ya Billings, Montana. Montana kuna kambi ya Malmstrom yenye makombora ya nyuklia. Hapo presha ikapanda. Rais Biden alisema aliagiza litunguliwe siku hiyo hiyo, lakini majenerali wakamshauri asubiri, kwa sababu ya watu walio chini. Mimi naona walikuwa sahihi, pamoja na kelele zote za wanasiasa. Wakati wa kusubiri hawakukaa bure. Ndege ya U-2, inayoruka juu zaidi ya futi 65,000, ilililifuata ikilipiga picha kwa juu, na jeshi likasema limechukua hatua za kuficha mambo nyeti lisiyaone. Yaani mpelelezi akapelelezwa.

Tarehe 4 Februari lilipofika baharini nje ya South Carolina, viwanja vitatu vya ndege vya raia vikafungwa kwa muda, na ndege ya F-22 ikiwa futi 58,000 ikafyatua kombora moja la AIM-9X. Likapata. Mabaki yalianguka kwenye maji ya kina cha mita 14 hivi, wazamiaji wakayatoa yakapelekwa maabara ya FBI. China ilisisitiza ni chombo cha kiraia cha hali ya hewa kilichopotezwa na upepo. Ziara ya Waziri wa Mambo ya Nje Antony Blinken huko Beijing ikaahirishwa. Miezi mitano baadaye Pentagon ikasema tathmini yake ni kwamba puto halikukusanya taarifa lilipokuwa juu ya Marekani, na kwamba zile hatua za kujificha zilichangia.

Kichekesho kikaja wiki iliyofuata. Walipofungulia rada zione vitu vidogo, wakaanza kuviona kila kona. Kati ya tarehe 10 na 12 Februari vilitunguliwa vitu vitatu: Alaska, Yukon na juu ya Ziwa Huron, ambako kombora la kwanza lilikosa. Kombora moja ni zaidi ya dola 400,000. Biden mwenyewe akasema huenda vilikuwa vya kampuni binafsi, watafiti au watu wa kujifurahisha. Klabu moja ya wapenda maputo ya Illinois nayo ikasema puto lake lilipotea upande wa Alaska, na hesabu za upepo zililiweka Yukon siku ile ile.

Wengine wameamua kutofyatua kabisa. Taiwan, tangu mwishoni mwa 2023, imekuwa ikitoa taarifa za maputo yanayovuka mlango wake wa bahari na kuyafuatilia tu. Korea Kusini mwaka 2024, Kaskazini ilipoanza kurusha maputo ya takataka (hayo si ya kijasusi, lakini funzo ni lile lile), jeshi lilisubiri yatue ndipo wataalamu wakaokote, wakihofia kilichomo kisimwagike juu ya watu.

Kisheria mambo yako wazi nusu. Mkataba wa Chicago wa 1944 unasema kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga yake, na chombo kisicho na rubani hakipiti bila kibali maalumu. Ndiyo maana maputo ya intaneti ya Loon, ya kampuni mama ya Google, yalipokuja kuhudumia sehemu za Kenya mwaka 2020 kwenye kimo cha kilomita 20, yalihitaji ruhusa kwanza. Mradi ulifungwa 2021, na hakuna aliyewahi kuyafyatulia kombora. Ila anga hiyo ya nchi inaishia kimo gani, mkataba hausemi, na mpaka leo mataifa hayajakubaliana.