Mrithi wa Mangi: Urithi, Ndoa na Utawala Kilimanjaro

Katika madarasa yetu ya siasa kuna swali ambalo halikosi kuulizwa tunapofika kwenye historia ya Kilimanjaro. Je, Wamangi walikuwa mashujaa waliopigana na mkoloni, au walikuwa makabaila waliokula jasho la wananchi? Wanaouliza hupenda wajibiwe kwa neno moja. Lakini historia ya umma haijibiki kwa neno moja. Sisi tunashauri uchunguzi uanze kwa mtu ambaye husahaulika, naye ni mrithi: yule mtoto wa kiume ambaye tangu anazaliwa huambiwa kuwa nchi itakuwa yake. Ukitaka kujua jamii imejengwa juu ya msingi gani, tazama nani anarithi, anarithi nini, anaozwa nani, na nani anavuja jasho ili urithi huo udumu.

Jambo hili si la Kilimanjaro peke yake. Huko Uingereza, kati ya mwaka 1811 na 1820, Mfalme George wa Tatu alikuwa hawezi kutawala kwa sababu ya maradhi, na mwanawe mkubwa akashika madaraka kwa niaba yake. Katika zama hizo kabaila wa Kiingereza alimwachia mtoto wa kiume wa kwanza jumba, cheo na maelfu ya ekari. Wadogo zake walitafutiwa kazi jeshini, kanisani au katika sheria. Mabinti walipewa fungu la mali ili wapate waume, na mali hiyo ikaingia mikononi mwa mume. Ni mpaka mwaka 1882 sheria ilipomruhusu mwanamke aliyeolewa kushika mali yake mwenyewe. Kwa hiyo ndoa ya mrithi ilikuwa mkataba wa kuunganisha shamba na shamba, na fedha na cheo. Mapenzi yakiwapo ilikuwa bahati. Na wapangaji waliolima ardhi ile hawakuulizwa lolote.

Tumeutaja mfano huu kwa sababu ni watu wa tabaka hilo, na wenzao wa Kijerumani, waliokuja baadaye kutuambia kuwa tawala zetu za jadi ni za kishenzi, kisha wakazitumia.

Sasa tuje mlimani. Kabla ya ukoloni Kilimanjaro haikuwa na mtawala mmoja. Palikuwa na nchi nyingi ndogo, kama Siha, Machame, Kibosho, Uru, Moshi, Kilema, Marangu, Mamba na zile za Rombo, zikitenganishwa na mito na mabonde makubwa. Kila nchi ilikuwa na Mangi wake. Moshi ya wakati huo ni Old Moshi ya leo, juu kwenye migomba, si mji uliokua baadaye huku chini tambarare.

Msingi wa maisha ulikuwa kihamba. Humo mlikuwa na migomba, ng'ombe wa kufungiwa ndani, na maji yaliyoletwa kwa mfongo uliochimbwa na watu wa ukoo. Kihamba kilikuwa mali ya ukoo, na wazee walizikwa humo. Katika urithi wa mwananchi wa kawaida, mtoto wa kiume wa kwanza alipewa nafasi yake mapema, na kitindamimba ndiye aliyebaki katika nyumba ya baba, akamtunza mama mpaka kufa kwake. Wana wa katikati walilazimika kujitafutia ardhi. Kwa muda mrefu hilo halikuwa tatizo kubwa, maana ardhi tupu ilikuwapo, na Mangi ndiye aliyeigawa. Hapo ndipo ilipokuwa nguvu yake: kijana asiye na kihamba alikuwa mtu wa Mangi.

Urithi wa umangi wenyewe ulikwenda njia nyingine. Kwa desturi mtoto mkubwa wa kiume wa Mangi ndiye aliyetazamiwa kurithi. Lakini Mangi alikuwa na wake wengi, kila mmoja na nyumba yake na migomba yake, na kila nyumba ilikuwa na mtoto iliyemtakia makuu. Nyuma ya kila mama kulikuwa na ukoo wake, na pengine nchi jirani nzima. Kwa sababu hiyo ndoa ya Mangi au ya mwanawe haikuwa jambo la watu wawili. Ilikuwa siasa. Binti wa Mangi mmoja alipopelekwa kwa Mangi mwingine pamoja na mbege na mifugo, wazee walikuwa wanafunga mapatano ya vita au ya amani. Binti huyo hakuulizwa, na mara nyingi hata kijana hakuulizwa. Tena ng'ombe waliotolewa mara nyingi walikuwa nyara za vita, na migomba ya wake wa Mangi ililimwa kwa kazi ya bure ya raia.

Hali hiyo ndiyo waliyoikuta wageni. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 nchi mbili zilishindana juu ya mlima: Moshi ya Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, na Kibosho ya Mangi Sina. Rindi alikuwa hodari wa diplomasia. Aliwapokea wasafiri wa Ulaya na wafanyabiashara wa pwani, na mwaka 1885 akatia mkono mkataba na Wajerumani. Mwezi Februari 1891 majeshi ya Wajerumani yakiongozwa na Wissmann yaliishambulia Kibosho, na watu wa Rindi walikuwa pamoja nao. Rindi alidhani amemtumia Mjerumani kummaliza jirani. Kumbe Mjerumani ndiye aliyekuwa akimtumia yeye.

Rindi alikufa mwaka huohuo wa 1891, na mwanawe Meli akarithi akiwa bado kijana. Tuutazame vizuri urithi huo. Aliachiwa kiti, nyumba za baba yake, na mkataba ambao baba yake alidhani ni wa urafiki. Meli alikataa kuwa mtumishi. Mwezi Juni 1892 kikosi cha Wajerumani kilipomshambulia, wapiganaji wa Moshi walikishinda, na kamanda wake, von Bülow, akauawa. Wajerumani walirudi Agosti 1893 wakiongozwa na Gavana von Schele mwenyewe, wakiwa na silaha kubwa zaidi, na safari hii Moshi ikashindwa. Kibosho nako Sina alikufa mwaka 1897, na mwanawe Molelia akarithi.

Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani waliwanyonga watu 19 kule Old Moshi kwa tuhuma za kula njama dhidi ya utawala wao. Miongoni mwao walikuwamo Meli wa Moshi, Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha, pamoja na viongozi wa Meru na Arusha. Hapa pana fundisho ambalo hatuna budi kulishika. Mwana wa Rindi na mwana wa Sina, warithi wa nyumba mbili zilizochukiana kwa miaka mingi, waliuawa siku moja na adui mmoja. Mgawanyiko walioupokea kwa baba zao ndio uliomfungulia mkoloni mlango. Masimulizi ya mlimani yanaongeza kwamba Mangi Marealle wa Marangu, aliyekuwa rafiki wa Kapteni Johannes, mkuu wa kituo cha Moshi, alihusika kuwachongea wenzake. Marealle alinufaika, lakini mwaka 1904 naye alilazimika kukimbilia upande wa Kenya. Mwenye kutegemea nguvu ya mkoloni hakuwa na urithi wa kuaminika.

Inasemekana kichwa cha Meli kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walipolinganisha vinasaba vya mafuvu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki, waliwapata ndugu walio hai wa mmoja wa washauri wakubwa wa Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikupatikana katika uchunguzi huo. Jamaa zake walirithi deni ambalo hawakulikopa.

Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza walichukua nchi, wakaleta utawala wa kupitia machifu. Mrithi wa Mangi sasa akawa mtu wa aina mpya. Kiti chake kililindwa na Mkuu wa Wilaya, na mshahara wake ulitoka katika kodi ya wananchi. Mwaka 1925 Waingereza walifungua shule Tabora ambayo mwanzoni ilikusudiwa hasa watoto wa machifu, ili watawala wa kesho wajifunze Kiingereza na utii. Hata ndoa ilibadilika: kijana msomi na Mkristo alitazamiwa kuoa mke mmoja, aliyepita shule ya misheni. Lakini hesabu ya nyumba kubwa kutafuta nyumba kubwa haikufa. Ilibadilisha nguo tu.

Wakati huohuo wakulima walikuwa wanajenga nguvu yao wenyewe kwa kahawa. Mwaka 1925 walianzisha chama chao cha wapanda kahawa, KNPA, na mwaka 1933 ukaundwa ushirika wa KNCU. Mkulima mwenye mibuni hakuwa tena mtu wa kungoja hisani ya Mangi. Alikuwa na mapato, alikuwa na chama, na alijua kuhesabu. Ndipo alipoanza kuuliza kodi yake inakwenda wapi na kiti cha utawala ni cha nani.

Swali hilo lilipata jibu lake la kwanza mwishoni mwa mwaka 1951, Wachagga walipopiga kura kumchagua Mangi Mkuu. Walioshindana walikuwa Wamangi watatu wakuu wa Hai, Vunjo na Rombo, pamoja na Thomas Marealle, mjukuu wa yule Marealle wa Marangu, aliyezaliwa mwaka 1915 na kusoma Uingereza. Thomas alishinda, akisaidiwa na chama cha raia kilichoongozwa na Petro Njau. Tusimnyime haki yake. Alileta maendeleo, gazeti la Komkya lilitolewa, na mwaka 1957 alikwenda mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Lakini pamoja na hayo zilikuja bendera ya Wachagga, wimbo wa Wachagga na sikukuu ya Wachagga, wakati TANU ilikuwa inawaita wananchi wote wa Tanganyika wawe taifa moja. Wengi wakaona kuwa kiti walichokitoa kwa kura kinaanza kugeuka kuwa cha kudumu.

Wapinzani walijikusanya katika chama cha demokrasia cha Wachagga chini ya Solomon Eliufoo, mwalimu na mwana TANU. Mwezi Februari 1960 wananchi walipiga kura, na walio wengi wakaamua kuwa kiongozi wao awe rais wa kuchaguliwa kwa muda maalumu. Eliufoo ndiye aliyeshika nafasi hiyo. Serikali ya Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu nchi nzima mwaka 1963, lakini Kilimanjaro umma ulikuwa umekwisha kutoa hukumu yake miaka mitatu kabla. Hawakungoja kukombolewa kwa sheria kutoka Dar es Salaam.

Ni vema kukumbuka kuwa aliyeiongoza Tanganyika wakati huo alikuwa mwenyewe mtoto wa chifu. Julius Nyerere alizaliwa mwaka 1922, mmoja wa watoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, aliyekuwa na wake 22. Burito alipokufa mwaka 1942, kiti kilikwenda kwa kaka yake Julius, Wanzagi. Baba yao alikuwa amemtolea Julius mahari ya binti tangu angali mdogo, kama ilivyokuwa desturi. Julius hakuifuata njia hiyo. Mwaka 1953 alimwoa Maria, aliyemchagua mwenyewe. Kuzaliwa katika nyumba ya chifu hakumlazimishi mtu kuwa kabaila. Kinachomfanya kabaila ni kudai kwamba nyumba hiyo inampa haki juu ya jasho la wengine.

Sasa twaweza kulijibu swali la madarasani. Meli alikuwa shujaa kwa sababu alikataa kutawaliwa na wageni, wala hatupunguzi heshima hiyo hata kidogo. Lakini mfumo uliompa kiti ulikuwa wa kikabaila, na ndio uliomfanya akabiliane na adui akiwa peke yake, jirani zake wakitazama. Tunamheshimu Meli kwa alichokitenda. Hatumheshimu kwa damu aliyozaliwa nayo.

Kazi, hata hivyo, haijaisha. Kiti cha Mangi kimeondoka, lakini mrithi mdogo yuko katika kila kihamba. Ardhi tupu iliyowapokea wana wa katikati imekwisha, na kihamba kinachogawanywa kizazi baada ya kizazi kimekuwa kipande kisichotosha nyumba moja. Ndiyo sababu vijana wengi wa mlimani wako mijini kote nchini. Na binti, ambaye mila haikumhesabu kabisa, bado huambiwa kuwa kwao ni kwa mumewe. Akiachika au akifiwa, hujikuta hana pa kukanyaga.

Sheria zetu zimekwisha kusema. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka hiari ya wanaooana, na inamwacha mjane huru kuamua maisha yake, asirithiwe kama ng'ombe. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, katika shauri lililotoka Kagera, iliamua kuwa mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi, sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi. Lakini sheria iliyoko kwenye kabati ya ofisi ya kijiji haimgawii mtu migomba. Anayegawa ni kikao cha ukoo, na katika kikao hicho bado wanasikika wazee wa kiume peke yao.

Hapo ndipo wajibu wetu ulipo. Wananchi wa Kilimanjaro walithubutu mwaka 1960 kumwambia Mangi Mkuu kwamba uongozi haurithiwi. Neno hilohilo hapana budi lisemwe ndani ya ukoo: haki ya mtu kuishi juu ya ardhi aliyoilima haitokani na kuzaliwa wa kwanza, wala kuzaliwa wa mwisho, wala kuzaliwa mwanamume. Viongozi wa vijiji, wazee wa koo na walimu wa siasa walisimamie jambo hili kikao kwa kikao, bila kungoja mjane mwingine afukuzwe ndipo sheria itafutwe.